Mtoto hatazama, lakini damu yako nani ataipima?

*"Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 29, mimba ya pili, wiki ya 31. Uzazi wa kwanza niliteseka sana. Uchungu saa 16, nikawekewa dripu ya kuongeza uchungu, nikashonwa, nikatokwa damu kidogo nikaongezewa chupa moja, ila tulitoka salama na mtoto sasa ana miaka mitatu. Siku hizi naangalia video za wanawake wanaojifungulia kwenye maji, wametulia mpaka raha. Hospitali ninayohudhuria kliniki haina huduma hiyo. Mume wangu amekubali tununue bwawa la kujaza upepo la sentimita 150, tuliweke sebuleni, na shangazi yake ambaye ni mkunga mstaafu amesema atakuja kunizalisha. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, maji tunayo ya tangi. Mama yangu akisikia analia kwenye simu, anasema mtoto atazama. Naomba uniambie ukweli: mtoto anaweza kuzama? Ni kweli uchungu unapungua na mtu hachaniki? Na maji niyatie chumvi au Dettol?"*

Marahaba mwanangu, na pole kwa uzazi ule. Saa 16 za uchungu na dripu juu yake hazisahauliki kwa kuwa tu mtoto alitoka mzima. Wengi wanaoniuliza kuhusu namna ya kuzaa mtoto wa pili, ukiwasikiliza vizuri, bado wanasimulia uzazi wa kwanza. Nitajibu yote uliyouliza, ila sitafuata mpangilio wako, maana kuna sentensi moja umeipitisha mbio ambayo kwangu imebeba uzito kuliko zote. Tutaifikia.

Ujue kwanza unaongea na nani. Mimi ni mkunga mwenye uzoefu wa miaka 26. Mingi nimeitumia kwenye leba za serikali Dar es Salaam, na katikati nilifanya kazi miaka minne Uingereza, kwenye wodi iliyokuwa na mabwawa mawili ya kujifungulia. Sina ugomvi na maji. Nimezalisha ndani yake, na nikiombwa kesho mahali panapostahili, nitazalisha tena.

Tuanze na kilio cha mama yako.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa yake yote inatoka kwenye damu yako, inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia kwa kiungamwana, ile kamba ya kitovuni. Mapafu yake muda wote huo yamejaa majimaji. Kinachomfanya avute pumzi ya kwanza ni mambo yanayomjia kwa pamoja: ubaridi wa hewa usoni, kushikwashikwa, na kondo kuacha kumlisha. Mtoto mzima akitokea kwenye maji yenye joto kama la mwili wako, huku kiungamwana bado kinadunda, mambo hayo hayajamfika. Tena kooni ana kinga ya kuzaliwa nayo: maji yakigusa pale, njia ya hewa inajifunga. Ndiyo maana anaweza kutokeza kichwa ndani ya maji, akangoja uchungu unaofuata ummalizie mabega, na asinywe maji.

Lakini sikiliza masharti niliyoyataja humo ndani: *mtoto mzima*, *maji ya joto*, *kiungamwana kinadunda*. Mtoto aliyechoka, ambaye oksijeni imeanza kumpungukia kabla hajatoka, kinga ile inamshinda. Mwili wake unamlazimisha kuvuta, na atavuta popote alipo, hata kama ni majini. Kwa hiyo kinachomlinda ni mtu aliyekuwa akisikiliza mapigo ya moyo wake kila baada ya dakika 15 tangu uchungu ulipokolea, na kila baada ya dakika 5 au kila uchungu unapopita ulipoanza kusukuma. Mapigo yakibadilika, mama anatolewa majini mara moja, hata kama amekasirika.

Na zile video ambazo mtoto anaachwa chini ya maji huku watu wanatabasamu, ati kwa sababu alikaa majini miezi tisa, usizifuate. Tumboni alikuwa na kondo linalofanya kazi. Akishatoka, mji wa mimba unasinyaa, na kondo linaweza kubanduka dakika yoyote. Mtoto anainuliwa papo hapo, uso ukitangulia, analazwa kifuani kwa mama, na uso wake ukishaonja hewa haurudishwi tena ndani ya maji. Anainuliwa taratibu pia, maana kiungamwana kikiwa kifupi na mama akamvuta kwa furaha, kinakatika, na kinachomwagika hapo ni damu ya mtoto.

Ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa zamu ya usiku. Taa zilikuwa zimepunguzwa, mkunga mwenzangu amepiga magoti pembeni ya bwawa, mkono mmoja ameshika tochi, mwingine kioo kidogo kama cha kupakia wanja, anakitumbukiza kuangalia kichwa kimefika wapi. Kando yake kulikuwa na chujio. Nikamuuliza la nini. Akacheka. Mwanangu, mwanamke anaposukuma mtoto, na haja kubwa hutoka kidogo, na kwenye maji inaelea. Mtu lazima aichote. Hiyo huioni kwenye video. Mtoto alipotoka hakulia. Alifumbua macho akatazama taa. Mimi niliyezoea leba zetu mkono ulikuwa umeshanyanyuka nimsugue mgongo, mwenzangu akanizuia: alikuwa ameweka vidole viwili kwenye kiungamwana anahesabu, na mapigo yalikuwa mazuri. Watoto wa majini mara nyingi huja kimya hivyo. Asiyezoea hawezi kutofautisha aliyetulia na aliyezimia, na kosa lolote kati ya hayo mawili lina gharama yake.

Sasa uchungu. Hapa video zako hazikudanganya sana.

Ukikaa kwenye maji yanayofika kifuani, mwili unaelea na uzito unaondoka kiunoni na mgongoni. Unageuka, unachuchumaa, unapiga magoti bila kuomba msaada. Joto linalegeza misuli, na ngozi nzima ikihisi joto na mguso wa maji, ubongo unapokea habari nyingi kwa wakati mmoja na ile ya maumivu inafifia. Kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba hofu inashuka. Mwanamke mwenye hofu anamwaga adrenalini, na adrenalini inagombana na oksitosini, homoni inayoleta uchungu wenye nguvu na mpangilio. Akitulia, uchungu unafanya kazi yake. Kuna angalizo moja tu: ukiingia mapema mno, kabla uchungu haujakolea, maji yanaweza kuupoza. Tulikuwa tunasubiri njia ifunguke kama sentimita 4 au 5 ndipo tunamruhusu mama aingie.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 15 yenye wanawake zaidi ya 3,600. Waliokaa kwenye maji wakati wa uchungu, takriban 39 kati ya 100 waliishia kuomba sindano ya ganzi ya mgongoni, wasiokaa, 43. Tofauti ipo, ila umeona ilivyo ndogo. Upasuaji haukupungua kwa namna inayoonekana, wala kuchanika. Mama mmoja mmoja, lakini, nimewaona waliolia kwa kelele nje ya bwawa wakaingia na kusema "ahaa", na hiyo takwimu haiipimi vizuri.

Kuchanika kumechunguzwa vizuri zaidi karibuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walifuatilia wanawake waliotumia bwawa wakati wa uchungu katika hospitali za umma za Uingereza kati ya 2015 na 2022, wakatoa matokeo 2024. Katika wanawake zaidi ya 60,000 wenye mimba zisizo na tatizo, waliozalia majini na waliotoka kuzalia nje hawakutofautiana katika kuchanika vibaya kunakofika kwenye misuli ya haja kubwa. Kwa hiyo maji hayakuchani wala hayakuzuii kuchanika. Watoto nao hawakudhurika zaidi. Kilichoongezeka ni kiungamwana kukatika: kama 10 kati ya kila 1,000 waliozaliwa majini, dhidi ya 3 waliozaliwa nje. Wakunga wa kule wanalijua hilo na vibanio wanaviweka karibu, dakika haipotei.

Ukiona hapo unaweza kuniambia: basi mama mkunga, si salama? Ni salama *kwa wale*. Rudi usome ni akina nani: mimba zisizo na tatizo, hospitalini au mikononi mwa wakunga wawili wenye vifaa, na gari la wagonjwa linalokuja likiitwa. Hata hivyo wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Waingereza wanamwachia mama achague. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba mwanamke mwenye afya, mimba ya wiki 37 hadi 41, anaweza kukaa majini wakati wa uchungu, ila mtoto mwenyewe azaliwe nje ya maji mpaka ushahidi utoshe. Hata Michel Odent, daktari wa Ufaransa aliyeufanya ulimwengu uyazungumze mambo haya, pale Pithiviers alianza na bwawa kama kituliza maumivu. Wengine walinogewa wakakataa kutoka, watoto wakazaliwa humo humo, na mwaka 1983 akaandika taarifa ya watoto 100 wa namna hiyo.

Kukaa majini wakati wa uchungu ni jambo moja, kumtolea mtoto majini ni la pili, na kufanya hayo sebuleni Goba ni la tatu. La kwanza nalipenda. La pili nalikubali kwa masharti. La tatu, kwako wewe, nalikataa, na sababu umeiandika mwenyewe.

"Nikatokwa damu kidogo nikaongezewa chupa moja."

Mwanangu, hospitali zetu hazina damu ya kumwongezea mtu aliyetokwa "kidogo". Mzazi akiwekewa chupa ya damu ujue mtu aliogopa. Ulipoteza damu nyingi baada ya kujifungua, na aliyewahi kutokwa hivyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutokwa tena kuliko ambaye hajawahi. Hili ndilo linalobadilisha jibu langu lote.

Mtoto akishatoka, kondo linabanduka na kuacha kidonda wazi ndani ya mji wa mimba, kipana kama sahani ya chakula. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu inapita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kinachoifunga mishipa ile hapo mwanzo ni misuli ya mji wenyewe, inayojikaza kama ngumi na kuibana. Mji ukiwa umechoka, pengine kwa uchungu mrefu kama ule wako, ukashindwa kujikaza, damu inatoka kama bomba lililoachwa wazi. Mama anaweza kwisha ndani ya saa mbili. Ndiyo sababu kila anayezalia hospitalini anachomwa sindano ya oksitosini dakika ileile mtoto anapotoka, na ndiyo sababu dawa hiyo inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Vichupa vilivyoshinda kwenye mkoba ndani ya daladala vinaweza kuwa vimepoteza nguvu, na kwa kuviangalia hutajua.

Na maji yanaificha damu. Kitu hiki nimekiona na sikisahau. Mahali nilipofanya kazi, mama alizaa vizuri bwawani, mtoto kifuani, kila mtu anafurahi. Maji yakaanza kuwa mekundu, rangi ya juisi ya rozela. Mmoja akakisia mililita 300, mwingine akasema 800. Wote wazoefu. Tulipojua ukweli ni pale mama aliposema "nasikia usingizi" na mapigo ya moyo wake yamefika 130. Tulimtoa watu wanne kwa wavu maalumu uliokuwa unaning'inia ukutani, mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa hatua ishirini kutoka pale. Akapona. Hatua ishirini, mwanangu. Wewe pima za Goba, usiku, mvua imenyesha, na ile barabara yenu.

Linganisha na kilichofanyika kwetu. Kuna utafiti uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliotangazwa 2023, zaidi ya wanawake 200,000. Walichofanya ni kumtandikia mzazi shuka la plastiki lenye mfuko uliopigwa mistari ya kupimia, damu ikidondoka inaonekana imefika mililita ngapi, na ikipita mstari matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua. Hospitali zilizofanya hivyo ziligundua 93 kati ya kila wanawake 100 waliokuwa wakitokwa damu nyingi. Zilizoendelea kukadiria kwa macho ziligundua 51. Yaani kwa macho ya wataalamu, juu ya kitanda kikavu, karibu nusu walikuwa wanapitwa. Shuka lile ndani ya bwawa halitandikiki.

Kwa historia yako, hata ile wodi niliyofanyia kazi Uingereza isingekuruhusu kuzalia majini bila mjadala mrefu na daktari, na wengi wangekwambia: kaa majini wakati wa uchungu, kusukuma uje kitandani. Presha, mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, mimba ambayo haijafika wiki 37, kovu la upasuaji, homa, maji ya uzazi ya kijani, au kuchomwa dawa kali ya maumivu inayoleta usingizi kama pethidini muda mfupi uliopita, yote hayo yanamweka mama nje ya bwawa au yanahitaji mazungumzo kwanza. Anayeishi na VVU au homa ya ini B naye aliongee mapema na daktari wake, asifiche.

Shangazi yenu namheshimu. Huenda amezalisha wengi kuliko mimi. Ila mkunga mmoja, hata awe hodari vipi, ana mikono miwili, na mambo yakiharibika wagonjwa wanakuwa wawili kwa wakati mmoja: mtoto anayetaka kupuliziwa hewa na mama anayevuja. Huko Uingereza, utafiti mkubwa wa 2011 kuhusu mahali pa kujifungulia ulionyesha kwamba hata waliopanga kuzalia nyumbani ambao tayari wamewahi kuzaa, wenye mimba nzuri, 12 kati ya 100 ilibidi wahamishiwe hospitalini. Mpeleke shangazi kwa kazi nyingine, nitakwambia ipi.

Nikusumbue kidogo na hesabu ya maji, maana nahisi hakuna aliyeifanya. Bwawa la upana wa sentimita 150, ukilijaza nusu mita, linameza lita kama 880. Ndoo kubwa 44. Kuyafikisha nyuzi 37 kutoka kwenye maji ya bomba la Dar unahitaji ndoo kama saba zinazochemka, uchanganye, na baada ya muda yanapoa unaanza upya, huku njia inafunguka na hakuna ajuaye kama ni saa mbili au kumi. Yasizidi nyuzi 37.5, maana joto lako likipanda la mtoto linapanda zaidi, na moyo wake unakimbia. Kipimo cha kiwiko hakitoshi. Inatakiwa themometa, kila saa. Na tafadhali, ile hita ya kuchovya ya kuchemshia maji ya kuoga isije ikaonekana karibu na bwawa lenye mtu ndani. Umeme hauna msamaha.

Mtu atasema basi tulijaze mapema, liwe tayari. Ndiyo mbaya zaidi. Maji ya vuguvugu yaliyosimama ni shamba la bakteria anayeitwa legionela, anayependa nyuzi 20 hadi 45 na kuishi kwenye matangi na mabomba. Mwaka 2014 Uingereza ilionya dhidi ya mabwawa ya nyumbani yanayojazwa siku kadhaa kabla na kuachwa yakipashwa joto, baada ya mtoto mchanga kuugua nimonia ya bakteria huyo. Mwaka 2016 watoto wawili waliozaliwa majini nyumbani huko Arizona, Marekani, waliugua vilevile. Tangi lenu limesafishwa lini mara ya mwisho hadi chini? Chumvi na Dettol havisaidii hapo. Usitie kitu. Dettol itawasha ukeni na machoni kwa mtoto, na chumvi ya jikoni haiui kinachohitaji kuuawa.

Sasa nisikuache mikono mitupu, kwa sababu ulichokuwa unakitafuta kwenye bwawa ni kutopitia yale ya mwanzo tena, na hilo kwa kiasi kikubwa linawezekana.

Uzazi wa pili mara nyingi unakwenda haraka kuliko wa kwanza. Uchungu ukianza, kabla hujaenda hospitali, kaa bafuni kwenye kigoda cha plastiki, uegemee mbele, na mtu akumiminie maji ya uvuguvugu kiunoni kwa kopo, polepole, uchungu ukija. Kama kuna bomba la mvua lenye maji ya moto, simama chini yake. Bibi zetu wa Pwani walijua nguvu ya maji moto, ila wao waliyaleta baada ya kuzaa, kwenye kukanda, tena mara nyingi yakiwa ya moto kupita kiasi, nimewaona walioungua. Wewe yalete mapema, na yawe ya kuvumilika kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Bafuni usikae peke yako na mlango usifungwe kwa komeo. Ukifika leba, kanga iliyolowekwa kwenye maji ya moto ikakamuliwa, ikibandikwa kiunoni, inatuliza. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 limeitaja kama njia halali ya kutuliza uchungu, pamoja na kukandwa mgongo. Tena limependekeza kitambaa cha uvuguvugu kwenye msamba wakati wa kusukuma kupunguza kuchanika, kwa hiyo kile ulichodhani bwawa litakupa, taulo dogo na beseni vinakikaribia.

Na shangazi. Mwongozo huohuo unataka kila mzazi awe na mtu wake pembeni. Ulizeni kliniki kama leba yao inaruhusu msindikizaji. Nyingine zinaruhusu, nyingine hazina pazia la kutosha na zitawakatalia. Wakikubali, nani bora kuliko mkunga mstaafu? Hatakuzalisha. Atakusimamisha utembee, atakukanda kiuno, atakukumbusha kunywa maji na kwenda kukojoa, na atajua wakati wa kumwita nesi kwa sauti. Mwanamke aliyeachwa peke yake ukutani anaumia mara mbili.

Ukisikia hospitali fulani inatoa huduma ya maji na ukataka kuitumia kwa ajili ya uchungu tu, nenda uione kwa macho. Waulize wanalisafishaje bwawa kati ya mama na mama, wanasikilizaje mapigo ya mtoto ukiwa ndani, nani anabaki na wewe muda wote, wanamtoaje mama aliyezimia, na damu ya kuongezea ipo humo humo ndani au inafuatwa mahali. Akikujibu mtu wa masoko badala ya mkunga, aga uondoke.

Wiki hii, usingoje hudhurio lijalo, rudi kliniki na kadi yako na useme kwa maneno haya: uzazi uliopita nilitokwa damu baada ya kujifungua, nikaongezewa chupa moja. Ione ikiandikwa kwenye kadi. Kama una karatasi ya ruhusa ya hospitali ile, ibebe. Waombe wapime wingi wa damu yako na kundi lake, umeze vidonge vya kuongeza damu bila kuruka, na mpange uzalie kwenye hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Mume wako na ndugu wawili watatu wajue mapema kwamba wanaweza kuitwa kuchangia. Usafiri wa usiku muwe mmeuafikia na dereva mmoja, namba yake ukutani.

Usisubiri uchungu wa kila dakika tano kama damu inatoka, kama chupa imepasuka na maji ni ya kijani au yananuka, kama mtoto amepunguza kucheza, kama kichwa kinauma sana na macho yanaona nyota, au kama tumbo limekaza na haliachii. Hapo ni kuondoka na ulichovaa. Baada ya kuzaa pia, hata mkishakuwa nyumbani: ukilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, ukatokwa na mabonge makubwa ya damu au ukahisi kizunguzungu ukisimama, rudi palepale.

Kwa mama yako, mpigie leo umwambie hutazalia kwenye maji, asilie. Na bwawa kama limeshalipiwa, mwekee yule mtoto wako wa kwanza uani alichezee, maji yaishie chini ya magoti yake, na mtu mzima akae pembeni muda wote na simu aiache ndani.